Vioo vya Bwana Ukungu

Alkhamisi, baada ya laasiri

"Nyumba ya msiba haina bawabu," Aflah alisema. "Tutapita hapo."

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la halwa, Matrah, jirani na Maskati. Joto la meko lilipenya ukutani. Harufu ya samli na zafarani ilikuwa imeshika dari, nguo, mpaka ndevu za watu. Walikuwa watatu tu. Aflah, mkuu wao, dereva wa Land Rover ya abiria, mtu wa maneno machache na bastola moja. Yaarub, mzaliwa wa Matrah, mpwa wa mwenye duka. Mikono alipewa ya kutosha, akili alipunjwa. Na Muhsina, mwanamke wa makamo aliyekuja kutoka Unguja baada ya mapinduzi, bila ya mtu wala kitu. Mwaka huu wa elfu moja mia tisa sitini na tisa ulikuwa wa tano kwake katika mji huu wa majabali, na bado alikuwa anaamka asubuhi akitafuta harufu ya mvua.

Aflah alipindua sinia, akachora kwa chaki. Lango. Njia. Nyumba. Ngazi.

"Mama yake Sheikh Harub kafa juzi. Kesho Ijumaa ndiyo hitma ya siku ya tatu. Wanaume wote watakwenda kusali, na wakiingia msikitini lango la Maskati linafungwa mpaka sala imalizike. Wanawake watakuwa wamejaa ndani. Da Muhsina ataingia na sufuria ya wali. Wali utaliwa. Sufuria itatoka na vioo. Nani atampekua mwanamke aliyebeba chombo cha matanga?"

"Hakuna," Yaarub alisema.

"Tunatoka kabla lango halijafungwa. Tukichelewa, tumenasa ndani na mali ya watu. Saa tisa Mzungu anayevinunua anaondoka na ndege pale kiwanja cha Ruwi. Vioo vyake, fedha zetu. Khalas."

Muhsina hakutazama chaki. "Na changu?"

"Kioo kimoja. N'shakwambia."

"Apa."

"Wallahi." Aliapa huku akifuta sinia kwa kiganja.

Vioo vyenyewe vilikuwa picha. Zamani sana, kabla Muhsina hajazaliwa, alikaa Unguja Mzungu mmoja mwenye kamera ya miguu mitatu. Watu wa shamba walimwita Bwana Ukungu. Kila mpiga picha anataka picha iliyo wazi. Yeye alitaka iliyofifia. Alikuwa akipaka mafuta kidogo kwenye jicho la kamera ili miti iwe kama moshi na watu wawe kama ndoto. Kwao Ulaya, ilisemekana, ndiyo yaliyokuwa mapenzi ya watu wa wakati ule: picha ifanane na mchoro, mwanamke afanane na ua. Basi akawa anazunguka mashambani kutafuta wasichana. Anawavika shela nyeupe, anawasimamisha chini ya mikarafuu, anawatia kwenye maji. Picha akazipa majina mazuri. Wasichana hakuwauliza majina yao.

Mmoja wao alikuwa Masouda, mama yake Muhsina.

Mama aliisimulia kadhia ile mara mia, na kila mara akicheka mpaka anashika mbavu. Alitiwa bwawani, maji mpaka mapajani, mayungiyungi yamemzunguka. Ruba wakamganda miguuni. Bwana Ukungu akamwambia asicheke, asimtazame, atazame maji kwa huzuni. "Huzuni ya nini, mwanangu? Nilikuwa na miaka kumi na tano na nimeahidiwa doti ya kanga!" Alijizuia kucheka hadi bega la kushoto likapanda juu. Likapigwa picha hivyo hivyo.

Baadaye akaolewa na Mmanga, Mwarabu mwenye kiduka shamba. Januari ile ya sitini na nne Muhsina alikuwa mjini. Kiduka kilichomwa moto pamoja na waliokuwamo. Hakuona maiti, hakuona kaburi, hakupata hata kipande cha nguo. Tangu hapo uso wa mama ulikuwa unamtoka kidogo kidogo. Kwanza alisahau masikio. Halafu kidevu. Mwezi uliopita aliamka akagundua kuwa hakumbuki macho yake yalikaaje. Alilia siku nzima, kilio cha mtu aliyefiwa mara ya pili.

Na Sheikh Harub, siku ile ya kukimbia, aliacha watu akachukua makasha. Katika kasha moja mlikuwa na vioo vya Bwana Ukungu, alivyowekewa rehani baba yake. Muhsina alikwenda kumwomba akitazame kimoja tu. Sheikh alimwambia vitu vile vina thamani, si vya kuchezewa.

Ndipo akamfuata Aflah.

Ijumaa, saa tatu asubuhi

Land Rover ilipanda mlima wa Riyam ikikohoa. Yaarub na Muhsina walikaa nyuma, sufuria katikati ya miguu ya Muhsina. Wali wa nazi wa Kizanzibari, aliupika mwenyewe kabla ya jua kutoka. Kumwibia mfiwa ni dhambi. Kumwibia na kumpelekea wali mbichi ingekuwa ufedhuli.

Langoni askari wa Kibulushi alichungulia ndani, akaona mwanamke na sufuria, akaweka mkono kifuani. "Poleni na msiba."

"Umeona?" Aflah alinong'ona walipopita.

Alimshusha nyuma ya nyumba. "Kabla ya adhana uwe hapa. Nikisikia adhana, naondoka. Sitomngoja mtu."

Saa nne

Ukumbi ulijaa wanawake. Juzuu zilikuwa zinasomwa, udi unafuka, watu wanalia kwa zamu. Bi Mahbuba, mke wa Sheikh Harub, alimkumbatia Muhsina kwa nguvu kiasi cha kumkata pumzi. Waliofiwa hawapeani mikono.

"Muhsina mwanangu, umekuja. Marehemu alikuwa akikupenda."

Ilikuwa kweli, na iliuma. Bibi yule ndiye peke yake katika nyumba ile aliyekuwa akimwita apande juu, wakae wazungumze habari za Unguja.

"Nguo zake nani kazikunja?" Muhsina aliuliza.

"Hakuna aliyepata moyo."

"Nipe kazi hiyo mimi."

"Mungu akulipe."

Hivyo ndivyo alivyopanda ngazi: kwa ruhusa na kwa dua. Sufuria tupu alipanda nayo, akasema atatilia nguo za sadaka. Chumba cha marehemu kilinuka asumini iliyokauka. Funguo zilikuwa zimefungwa kwenye pembe ya kanga ya bibi, kama wafanyavyo wazee wote wa kwao. Alifungua fundo kwa meno. Aligeuza uso ukutani, si kwa hofu. Kwa haya.

Kasha lilikuwa uvunguni, kama bibi alivyowahi kumwambia. Kufuli lililia, likaachia. Ndani, vioo vimesimamishwa kwa safu, kila kimoja kikubwa kama kitabu cha darasani, kimevishwa karatasi.

Alitoa cha kwanza, akakiinua dirishani.

Alishtuka. Watu walikuwa kinyume. Uso mweupe kama chokaa, shela nyeusi, kivuli cheupe. Alikuwa hajawahi kuona kioo cha picha kabla haijapigwa kwenye karatasi. Akakirudisha. Akatoa cha pili. Mwanamke na mnazi. Cha tatu. Wanawake wawili na mtungi, sura zimeyeyuka kwenye moshi, huwezi kumjua huyu wala yule. Alikwenda hivyo kioo baada ya kioo na moyo ukawa unamshuka. Wote walikuwa mmoja. Bwana Ukungu alikuwa ameenda Unguja nzima akampiga picha mwanamke asiyekuwapo.

Kisha akatoa kile cha bwawa.

Maji. Majani mapana ya mayungiyungi. Msichana amesimama kati yake, kichwa kainamisha. Bega la kushoto lilikuwa limepanda juu.

Muhsina alikaa chini. Kwa vile kila kitu kilikuwa kinyume, nywele za msichana yule zilikuwa nyeupe pe. Na mama, siku ya mwisho alipomwona, alipomsindikiza hadi barabarani na kumwambia asisahau kula, nywele zake zilikuwa nyeupe hivyo hivyo. Mzungu alimpiga picha binti. Kioo kikamtunza bibi. Pembe ya mdomo ilikuwa imejikunja. Pamoja na mafuta yake yote na ukungu wake, kile kicheko Mzungu hakuweza kukifuta.

"Macho yako yalikaa hivi," alimwambia. "Yalikaa hivi, mama. Nilisahau."

Alitaka kukificha kifuani. Lakini kilikuwa kikubwa, na Bi Mahbuba atamkumbatia wakati wa kuagana. Basi alivivua vioo karatasi ili viingie, akatia kanga ya marehemu kati ya kimoja na kimoja, mama akamweka juu ya wenziwe, akafunga furushi. Likakaa sawasawa ndani ya sufuria. Akalifunika kanga nyingine.

Saa sita kasorobo

Alikuwa ameshafika mlango wa jikoni.

"Muhsina! Unakwenda wapi na chombo kitupu?"

Bi Mahbuba alikuwa amesimama kando ya chungu kikubwa cha bokoboko, upawa mkononi. Ngano na nyama zilizopikwa usiku kucha zilikuwa zinachemka taratibu, zinapasuka mapovu mazito.

"Si kitupu, Bi Mahbuba. Nguo za sadaka. Nimeshakula, alhamdulillahi."

"Chombo cha mtu hakitoki kwangu bila ya kitu. Hata leo. Hasa leo, maana ni thawabu ya marehemu. Hizo kanga zitafuliwa. Lete sufuria."

Wanawake wanne walikuwa wanawatazama. Kukataa chakula cha hitma, mbele ya mfiwa, mbele ya watu: hata mwizi hafanyi hivyo. Angekataa, wangeuliza sababu. Wangeuliza, wangefunua. Na Bi Mahbuba alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye kifuniko.

"Nipe upawa," Muhsina alisema haraka. "Wewe umefiwa. Kaa. Nitapakua mwenyewe."

Alifunua nusu tu, mgongo wake ukiwa umewaelekea watu. Akapakua. Upawa wa kwanza ulianguka juu ya kanga ukatoa mvuke. Alikuwa na dua moja tu moyoni: kioo kisipasuke. Kioo ni kioo. Glasi za chai hutiwa maji ya moto kila siku na hazisemi kitu. Akapakua wa pili. Wa tatu. Bi Mahbuba akasema ongeza, usione haya. Akaongeza. Alisikiliza, hakusikia mlio wowote. Akashukuru.

Walipoagana Bi Mahbuba alimkumbatia tena, akamlilia begani.

Saa sita kasoro dakika tano

"Umekawia!" Aflah alikanyaga mafuta kabla mguu wa pili haujaingia garini.

"Nimepewa bokoboko."

"Umepewa nini?"

"Endesha, Aflah."

Lango lilikuwa linafungwa. Bawa moja la mbao lilikuwa limeshasukumwa. Askari yule yule aliinua mkono. Mwadhini alikuwa anajaribu koo.

"Fungua," askari alisema, akionyesha sufuria.

Yaarub aliingiza mkono kiunoni, kwenye jambia. Aflah alimkazia macho kwenye kioo cha gari: tulia.

Muhsina alifunua. Mvuke ulimpiga askari usoni. Alitabasamu, tabasamu la mtu aliyesimama juani tangu alfajiri. "Chakula cha hitma! Kina thawabu." Akachomoa mkate mkavu kibindoni, akauchovya. Mara moja. Mara ya pili akauzamisha zaidi, na vidole vikagota kitu kigumu.

"Nini hiki?"

"Mfupa," Muhsina alisema.

Alimtazama. Muhsina naye alimtazama, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia, kilio cha kweli ingawa si cha marehemu yule.

"Mungu amrehemu," askari alisema. Akarudisha bawa la lango kiasi cha gari kupita.

Juu ya mlima Yaarub alianza kucheka. Alicheka mpaka machozi. "Mfupa! Wallahi da Muhsina, wewe ni jambazi kuliko sisi. Mzungu atafurahi. Si kwa hivyo vingine, hivyo ni nyongeza tu. Yeye anamtaka huyo wa bwawani."

Muhsina alimgeukia.

"Yupi wa bwawani?" Muhsina aliuliza.

Aflah hakugeuka. "Yaarub ana mdomo mkubwa."

"Uliapa, Aflah."

"Nikisharudi kutoka Ruwi nitakutafutia picha nyingine."

"Ni mama yangu."

"Ni kioo, da Muhsina. Yeye ndiye kazi yenyewe. Bila yeye Mzungu hatoi hata baisa. Ungekuja kama ningekwambia?"

Muhsina alishika sufuria kwa mikono miwili. Bado ilikuwa ya moto kiasi cha kuunguza. Bokoboko haliachii joto lake upesi.

Saa saba

Aflah alikwenda kuficha gari. Yaarub alikaa mbele ya duka, kulinda. Mjomba wake alikuwa msikitini. Muhsina aliachwa chumba cha nyuma peke yake avisafishe vioo, maana hiyo ni kazi ya wanawake. Walimwamini kwa kazi hiyo.

Alijua la kufanya. Juu ya rafu zilikuwa zimepangwa bakuli za halwa, mamia, zimefunikwa vumbi. Mama atakaa nyuma ya bakuli hizo mpaka kesho, mpaka keshokutwa. Aflah akiuliza, kimevunjika. Auwe akitaka.

Alizamisha mikono kwenye uji. Furushi lilitoka zito, linachuruzika. Alifungua kanga kwa upole. Kioo cha juu kilikuwa kizima, hata ufa hakina. Alhamdulillahi. Kilikuwa kimejaa bokoboko tu, limeanza kukauka kingoni. Mekoni kulikuwa na birika la maji ya uvuguvugu. Alimimina kwenye beseni, akakilaza kioo ndani, akapitisha kiganja juu yake, taratibu, kama amwogeshaye mtoto.

Uji ulitoka. Halafu kitu kingine kikatoka.

Kwanza alidhani ni kipande cha kanga. Kilikuwa laini, cheusi-cheusi, chembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Kilianza kujikunja kwenye pembe. Kikavimba. Kikaachana na kioo na kuelea. Mayungiyungi yaliondoka. Bega liliondoka. Mama aligeuka kwenye maji, polepole, nywele zake nyeupe zikarefuka, zikapindika, na uso ukakunjamana ukaingia ndani yake wenyewe.

"La," Muhsina alisema. "La, la, la."

Nani angemwambia? Wazungu wenye kazi yao walijua kwamba picha haimo ndani ya kioo. Imekaa juu yake tu, kwa utando mwembamba unaolegea kwa maji na kuyeyuka kwa moto. Yeye alijua glasi za chai. Alijua kwamba chakula cha mfiwa hakikataliwi. Alijua kwamba kilichochafuka huoshwa.

Aliingiza kiganja chini ya utando na kuuinua. Ulimgandia mkononi. Akafunga vidole.

Aflah aliporudi alimkuta amekaa sakafuni. Alikiona kioo mezani, kitupu, kisafi, kinaonyesha ukuta upande wa pili. Akafungua furushi kwa pupa. Cha pili: nusu ya mnazi na ute mweusi. Cha tatu: ute. Cha nne kilikuwa kimegandana na kanga, na alipoivuta, wanawake wawili na mtungi wao wakabaki kwenye maua ya nguo.

"Umetubadilishia."

"Sikubadilisha."

"Vile vya kweli viko wapi? Umevificha kwa Mahbuba?"

"Hivi ndivyo, Aflah. Nimevimwagia bokoboko la moto kwa mkono wangu. Halafu nikaviosha."

"Unaniona mjinga?" Bastola ilitoka. "Nani kakununua?"

"Kama unataka kuua, ua. Mimi leo sina cha kukuomba."

Yaarub alikuwa mlangoni, mikono yake mikubwa imening'inia. "Aflah, mwache. Tazama uso wake. Huyu hadanganyi."

"Saa tisa Mzungu anaruka, na jioni Harub atafungua chumba cha mama yake. Atauliza nani alipanda juu. Umesikia? Atauliza nani alipanda juu." Aflah alirudisha bastola. Alikuwa ameshaamua, ilionekana kwa jinsi sauti yake ilivyoshuka. "Nenda kwa askari. Sema umemfumania mwanamke wa Kizanzibari hapa kwa mjomba wako, ana mali ya Sheikh. Sisi tumemkamata."

"Amekula na sisi chakula kimoja."

"Nenda, Yaarub! Au nitakupeleka wewe badala yake."

Yaarub alimtazama Muhsina. Akaenda.

Aflah alitoka nyuma yake akautia mlango kufuli. Muhsina hakuinuka hata kuujaribu mlango.

Saa nane

Walikuja askari wawili na Aflah nyuma yao, amevaa sura ya mtu mwema. Alionyesha sufuria, vioo, kanga za marehemu. Alisema kila kitu kwa Kiarabu kizuri. Muhsina aliulizwa kama ni kweli. Alisema ni kweli. Aliulizwa kama alikuwa na wenzake. Alimtazama Aflah mpaka Aflah akainamisha macho.

"Mwandikeni pia huyu," alisema. "Lakini hamtamwandika, nnajua."

Hawakumwandika.

Walimfunga mikono kwa kamba. Askari mmoja aliona kwamba mkono wa kulia umefumbwa, na kwamba kila alipougusa, mwanamke aliukaza zaidi.

"Una nini humo? Pete? Dhahabu ya marehemu?"

"Sina kitu. Niachieni mkono huu tu. Nnakuombeni. Fungeni miguu, fungeni shingo."

Hilo liliwahakikishia. Mmoja alimshika kifundo cha mkono, mwingine akafungua vidole, kimoja baada ya kimoja. Muhsina alipiga kelele. Yaarub, aliyekuwa amesimama barabarani, alizisikia, akaziba masikio kwa mikono yote miwili.

Kiganjani hamkuwa na dhahabu. Kulikuwa na ute mweusi uliokwisha kukunjika na kushikamana, mdogo kama kokwa ya tende. Askari aliunusa. Hakuelewa. Akamwonea huruma kidogo mwanamke yule aliyelia kiasi kile kwa uchafu, akachukua kitambaa cha meza ya halwa, akakirowesha kwenye beseni, akamfuta mkono mpaka ukatakata.